Jibu: Uzamivu wa seli shina, nianzie wapi?

Dada, umeuliza kama mtu wa Moshi mwenye uzamili wa baiolojia anaweza kupata nafasi ya uzamivu kwenye tiba ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Anaweza kabisa! Ila usianze na chuo, anza na msimamizi, yaani profesa atakayeongoza utafiti wako. Ujerumani nafasi nyingi hutangazwa kama ajira: unasaini mkataba, unalipwa. Japani, ambako mwanasayansi Shinya Yamanaka aligeuza seli za panya zilizokomaa kuwa seli shina mwaka 2006 na kupata Nobeli 2012, kuna ufadhili wa serikali unaopitia ubalozini Dar.

Barua yangu ya kwanza kwa msimamizi ilikuwa kurasa tatu za sifa, kimya. Ya pili, mistari kumi tu: jinsi chupa zangu za kukuzia seli maabara zilivyoota ukungu na nilichobadilisha. Nikajibiwa kesho yake. Nipo Arusha, ukiandika yako nitumie niisome.