Unaanza Pokémon Red leo? Tafuta daftari kwanza

Wadogo zangu waliokulia kwenye gemu za simu wakiniomba niwaanzishie Pokémon, nawapa Red au Blue, gemu za kukamata na kupiganisha viumbe waitwao Pokémon kwenye Game Boy, ile mashine ya gemu ya mkononi. Haipiti nusu saa wanarudi wamenuna. Hakuna mshale wa kuonyesha njia, mhusika anatembea kama anasindikiza jeneza, begi linabeba vitu vya aina 20 tu. Yote kweli. Gemu hii ilitoka Japani mwaka 1996 ikiitwa Red na Green, Marekani ikafika 1998, na ukiicheza kwa mazoea ya leo itakuchosha kabla hujapata beji ya pili, yaani zawadi ya kumshinda kiongozi wa ukumbi wa mapigano. Mimi huwaambia neno moja: shika daftari na kalamu.

Daftari la nini? Gemu hii inakuambia karibu kila kitu, ila inakuambia mara moja, tena kupitia mtu uliyekuwa unampita tu. Chukua mji wa Saffron ndani ya gemu. Una malango manne, kila lango lina mlinzi, na kila mlinzi anakurudisha ulikotoka. Nilipoteza jioni mbili nikitafuta kibali, ufunguo, sijui barua gani. Siku ya tatu ndipo nikasoma vizuri maneno ya yule mlinzi: ana kiu. Basi. Unapanda juu ya paa la duka kubwa la mji wa Celadon, kuna mashine za vinywaji, maji ni 200 kwa pesa za gemu, unampa mlinzi mmoja na wenzake wote wanakuachia njia. Tangu siku hiyo, yeyote anayelalamika ndani ya gemu hii namwandika: mji gani, nyumba ipi, shida yake nini.

Pokémon wa kwanza kila mtu atakushauri wake. Bulbasaur, wa majani, ndiye mteremko, maana beji mbili za mwanzo ziko kwa viongozi Brock wa mawe na Misty wa maji, na wote wawili anawamudu. Wanaochukua Charmander, wa moto, hukwama kwa Brock kwa sababu wamesikia moto hauliwezi jiwe wakaishia hapo. Mwangalie vizuri Onix, Pokémon wa jiwe wa Brock. Defense yake, kinga ya mapigo ya mwili, ni ukuta, lakini Special yake, kinga ya mapigo kama ya moto, ni ndogo mno. Scratch, mbinu ya kukwaruza, inagonga ule ukuta, Ember, ya cheche za moto, inapita upande wa Special. Kwa hiyo Ember, hata ikikatwa nusu, inamuuma kuliko Scratch. Charmander anaipata levo ya 9. Mpandishe kwenye msitu wa Viridian mpaka 13 au 14, beba Potion (dawa za kurudisha uhai) kadhaa, nenda. Ila ukiona Onix ametumia Bide, ujue anajumlisha maumivu yote unayompa ili akurudishie maradufu, kwa hiyo usimwachie Charmander mwenye uhai wa kuchungulia.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye zile mbinu za HM, zinazokufungulia njia nje ya vita, kama kukata miti. Gemu za baadaye mbinu ukiichoka utapata wa kukufutia. Hapa Cut, Fly, Surf, Strength na Flash hazifutiki kabisa, na kila Pokémon ana nafasi nne tu za mbinu. Kulikuwa na kimti kimeziba mlango wa kiongozi Lt. Surge kule mji wa Vermilion, nami kwa pupa nikamfundisha Charmeleon wangu Cut. Akawa Charizard, akafika mpaka kwa Elite Four, wale wababe wanne wa mwishoni, Cut bado anayo kama chale ya utotoni. Wewe tafuta punda wa mizigo. Mjini humohumo Vermilion kuna mtu anayekupa ndege aitwaye Farfetch'd ukimpa Spearow. Vitani si wa kutegemea sana, ila anajifunza Cut na Fly zote mbili, na wa kwako mzuri anabaki na nafasi zake. Surf pekee usiionee uchungu, ni mbinu kali hata vitani.

Jambo jingine la kuandika ni hesabu ya sanduku. Pokémon unaowaweka kwenye kompyuta wanaingia sanduku moja lenye nafasi 20, na likijaa gemu haikuhamishii kwenda jingine. Inakuacha tu. Utakuja kulijua siku umesimama mbele ya Zapdos, ambaye yuko mmoja tu gemu nzima, unataka kurusha mpira wa kumnasia unaambiwa sanduku limejaa. Hamisha mapema, ukifika 17 au 18.

Ukivuka daraja la kaskazini mwa mji wa Cerulean, tafuta Pokémon aitwaye Abra kwenye nyasi. Mrushie mpira zamu ya kwanza kabisa, maana asiponaswa anatoroka kwa Teleport. Mwanzoni hana anachoweza kufanya; mweke wa kwanza kwenye msafara, mtoe vita ikianza, atapata mgawo wake wa uzoefu. Levo ya 16 anakuwa Kadabra wa aina ya Psychic, yaani nguvu za akili, na hapo utacheka. Waundaji walikusudia mizimu iwe dawa ya aina ya Psychic, lakini kwa hitilafu mbinu ya mzimu kama Lick haiwagusi kabisa. Hitilafu ni nyingi humu. Focus Energy, kwa mfano, ilikusudiwa kukuongezea nafasi ya pigo la critical, lile kali kuliko kawaida, lakini inaipunguza. Usiitumie.

La mwisho ni kwa anayetaka kaseti halisi badala ya emuleta, programu ya kuiga Game Boy. Humo ndani kuna betri ndogo bapa, na ndiyo inayolinda ulichosevu gemu ikiwa imezimwa. Ukipewa kaseti ya mtumba, cheza dakika tano, sevu, zima, lala nayo. Asubuhi washa: ukiona neno CONTINUE juu ya menyu, lipa. Mimi nililipa kwanza. Nikacheza Jumamosi nzima, nikavuka Mt. Moon, nikampiga Misty kwa taabu, nikasevu, nikaenda kulala. Jumapili nawasha, naona NEW GAME na OPTION, basi. Betri ilibadilishwa kwa fundi wa redio wiki iliyofuata, nikaanza upya na lile daftari mkononi, safari hii nikachukua Bulbasaur.