Vipimo vilichukuliwa saa ngapi? Kwa wanaoanza kutumia mawimbi ya sini ziwani na wodini

Kila kundi jipya la vijana wa mafunzo kwa vitendo likishafika Kigoma, haupiti muda mrefu kabla sijaletewa grafu yenye wimbi la sini, yaani mstari unaopanda na kushuka kwa mpangilio uleule, lililopita vizuri mno katikati ya nukta. Mwenye grafu huwa na furaha ya kweli, na mimi huifurahia bidii yake. Lakini nikimuuliza vipimo vilichukuliwa saa ngapi, jibu huchelewa, na likija huwa ni lilelile la kundi lililotangulia. Ndiyo sababu naandika haya, wadogo zangu, kwa mnaokuja kufanya kazi ziwani na kwa wenzenu wa maabara za afya na wodi, kwa kuwa hesabu ya wimbi ni moja hata kama chombo ni boti au ni mashine ya EKG inayochora umeme wa moyo.

1. Panga saa za kupima kabla hujapanga mafuta ya boti.

Vijana wa kundi mojawapo walipewa kazi ya kufuatilia joto la maji nusu mita chini ya uso wa ziwa, mahali pamoja, nje kidogo ya ghuba ya Kigoma. Kipimajoto chao kilikuwa cha mkono, kwa hiyo kila kipimo kilihitaji mtu aende. Wakabuni mpango ambao ukiusikia kwa mara ya kwanza unaupenda: leo wapime saa 12 asubuhi, kesho saa 1, keshokutwa saa 2, na kuendelea hivyo, ili mwisho wa kazi saa zote za mchana na usiku ziwe zimeguswa na asipatikane wa kusema kwamba wamependelea asubuhi. Waliutekeleza kwa uaminifu mkubwa. Daftari lao nililishika mkononi: safu ya tarehe, safu ya saa, safu ya joto, yote kwa kalamu ya bluu, na hata vipimo vya saa 8 usiku vimeandikwa kwa mwandiko ulionyooka.

Walipochora joto dhidi ya tarehe, likatokea wimbi safi linalokamilika kila baada ya siku 25. Hapo ndipo hatari ilipoingia, kwa sababu walikuwa wamesoma, na walichosoma ni kweli, kwamba Ziwa Tanganyika lina mawimbi ya ndani yenye kipindi cha wiki tatu hadi tano hivi. Kuanzia Mei hadi Septemba pepo za kusini mashariki husukuma maji ya joto ya juu kuelekea kaskazini. Mpaka kati ya maji hayo na maji baridi zaidi ya chini hushuka upande wa kaskazini na kupanda upande wa kusini, huko Mpulungu nchini Zambia. Upepo ukilegea, mpaka huo hurudi na kupitiliza, kisha hurudi tena, kama maji ya beseni lililoinamishwa na kuachiwa ghafla. Mawimbi hayo yana uzito katika maisha ya ziwa lenye kina cha mita 1,470, kwa sababu husaidia kupandisha virutubisho kutoka chini hadi kwenye mwanga, na huko ndiko chakula cha dagaa kinakoanzia. Siku 25 ilikuwa ndiyo namba waliyokuwa wakiitamani. Ripoti ikaandikwa, na jina la ziwa likawekwa kwenye kichwa cha habari.

Data ile haikuwa na uwezo wa kuonyesha wimbi la siku 25. Tazameni mpango wenyewe. Kutoka kipimo hadi kipimo ni saa 25, ilhali jua hupasha maji ya juu kwa mzunguko wa saa 24. Vipimo 24 vinavyofuatana kwa saa 25 ni saa 600, yaani siku 25 kamili, na baada ya hapo unarudi saa 12 asubuhi ulikoanzia. Kupanda na kushuka kwa joto la siku moja kulitandazwa juu ya siku 25, na kwenye karatasi kukafanana kabisa na wimbi la ziwa. Kibaya zaidi, hata kuzipanga upya nukta kwa saa badala ya tarehe hakukuweza kutoa hukumu, kwa kuwa mpango ule ulikuwa umeifunga kila saa ya siku na nafasi moja tu katika mzunguko wa siku 25. Nukta zilezile zilikubali maelezo yote mawili. Kilichoamua ni kukaa ziwani siku mbili mfululizo na kupima kila saa: joto likapanda hadi alasiri na kushuka hadi alfajiri, kwa kimo kilekile kilichokuwa kwenye grafu yao, yote ndani ya siku moja.

Kinachoniuma ni kwamba vijana hawa kanuni waliijua. Harry Nyquist aliandika juu yake mwaka 1928, Claude Shannon akaithibitisha mwaka 1949, na wao waliijibu vizuri kwenye mtihani: uchukue zaidi ya vipimo viwili katika kila mzunguko. Lakini waliipima kanuni hiyo kwa wimbi walilolitafuta. Kwa wimbi la siku 25, kipimo cha kila siku kinatosha na kubaki. Kanuni inadai upime kwa kulifuata wimbi la haraka kuliko yote lililomo majini, uwe unalitaka au hulitaki, na kwenye maji ya juu ya ziwa letu wimbi la siku huwezi kulikwepa. Walipolielewa hilo msimu wa upepo ulikuwa umekwisha, na ikawapasa kusubiri Mei nyingine. Niliwaonea huruma, na bado nawaonea. Msimu uliofuata walishusha mnyororo wa vipimajoto vinavyojirekodia kila baada ya dakika kumi, hadi makumi ya mita chini, mahali ambapo mawimbi ya ndani huonekana na jua la mchana halisumbui.

2. Mwezi nao ni wimbi, na wavuvi wanaufuata.

Mtakapoanza kuchukua takwimu za dagaa na migebuka kwenye mialo ya Katonga na Kibirizi, mtaona mzunguko wa siku 29.5. Msikimbilie kulitafutia ziwa sababu. Uvuvi wa dagaa hutegemea taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali vipe, yaani boti za dagaa, hupumzika, kwa hiyo mzunguko huo unahesabu kazi ya watu kwanza, samaki baadaye. Tatizo ni kwamba 29.5 iko jirani sana na kipindi cha mawimbi ya ndani. Ukitaka kutenganisha wimbi la siku 25 na la siku 29.5, zidisha namba hizo mbili, kisha ugawanye kwa tofauti yake. Unapata takriban siku 164. Mwenye rekodi ya miezi mitatu hawezi kuzitenganisha, hata programu yake ikimchapishia desimali nne. Nawasihi pia mzungumze na wazee wa mwaloni kabla ya kufungua kompyuta. Watawaambia ni usiku upi hawakutoka na kwa nini, na taarifa hiyo haimo kwenye fomu.

3. Kwenye EKG, shika elektrodi kabla ya kushika kichujio.

Umeme wetu wa nyumbani ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Karatasi ya EKG ikienda milimita 25 kwa sekunde, kiboksi kidogo kimoja ni sekunde 0.04, kwa hiyo ukiona ndani yake mawimbi mawili madogo yanayolingana, unatazama umeme wa ukutani. Vijana huwasha kichujio papo hapo kwa sababu mstari unapendeza. Jamani, mstari unaopendeza ndio huo unaopoteza utafiti! Pigo la moyo si sini moja. Joseph Fourier alionyesha mwaka 1822 namna ya kulijenga umbo kwa kujumlisha sini nyingi, na ncha kali za QRS, sehemu ya pigo iliyochongoka kuliko zote, zimejengwa na zile zenye masafa ya juu. Kichujio kinachokata juu ya hezi 40 huondoa umeme, lakini hupunguza na ncha hizo. Safisha ngozi, badilisha jeli iliyokauka, sogeza waya wa chaja mbali na mgonjwa, hakikisha ardhi ya mashine inafanya kazi, na uhifadhi data ghafi. Kichujio kije mwisho, na kitajwe kwenye ripoti.

4. Mambo mafupi.

Programu nyingi za jedwali hupokea pembe kwa radiani, si kwa digrii, hivyo ukiandika sini ya 30 utapata karibu hasi 0.99 badala ya 0.5. Vifaa vingi hutoka kiwandani na saa ya UTC, ile saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele. Urefu wa wimbi ndio unaoweka mpaka wa udogo wa kitu unachoweza kukitofautisha: sauti ya kilohezi 120 majini ina wimbi la milimita 12 na kidogo, ya ultrasaundi ya megahezi 3.5 mwilini ni chini ya nusu milimita.

5. Usitafute wastani wa saa kama wastani wa uzito.

Wenzetu wanaofuatilia matende na mabusha wanajua kwamba vijiminyoo vya mnyoo Wuchereria bancrofti hujaa kwenye damu ya pembeni, ile ya mishipa midogo karibu na ngozi, usiku, kwa kawaida kati ya saa 4 na saa 8, na ndiyo sababu tunachukua damu saa hizo. Katika miaka ya 1970 Manabu Sasa na Hiroshi Tanaka wa Japani walionyesha kwamba idadi yake katika saa 24 hufuata vizuri wimbi la sini, na saa ya kilele inaweza kukokotolewa. Sasa mgonjwa mmoja kilele chake ni 23:00, wa pili 01:00. Kompyuta itawapa wastani wa 12:00, adhuhuri, saa ambayo vijiminyoo ni nadra kuonekana. Ukitumia saa zetu, yaani saa 5 na saa 7, utapata saa 6 usiku, jibu sahihi, lakini usitulie: vilele vya saa 11 alfajiri na saa 1 asubuhi vitakuponza vilevile. Geuza kila saa kuwa pembe, tafuta wastani wa sini na wastani wa kosini, kisha urudi kwenye saa.

6. Kwa takwimu za malaria za mwaka, linganisha wimbi na miezi ya kawaida.

Kigoma na Tabora zina msimu mmoja wa mvua, hivyo jozi moja ya sini na kosini ya miezi 12 hutosha kuanzia. Ukichanganya na Kagera yenye misimu miwili, ongeza jozi ya miezi 6. Robert Serfling alitumia njia ya namna hii mwaka 1963 kwa vifo vya mafua na nimonia nchini Marekani, na sehemu ya njia hiyo ambayo vijana huiruka ndiyo yenye thamani. Wao huingiza wiki zote, zikiwemo za mlipuko. Wimbi linavutwa juu, na mlipuko unazama ndani yake ukaonekana msimu wa kawaida. Ziondoe kwanza wiki za mlipuko, linganisha wimbi na zilizobaki kwa miaka kadhaa, kisha zirudishe wiki ulizoziondoa kwenye grafu na uhesabu zimepita juu ya mstari kwa wagonjwa wangapi.