Kishindo ukiachia klachi: kagua mauntingi kwanza

Ndugu, kishindo unapoachia klachi, na usukani kutetemeka gari likiwa limesimama, mara nyingi ni mauntingi ya injini (vishikizo vya raba na chuma vinavyoibeba) kuchoka. Ila usinunue kitu kabla ya kukagua. Fungua boneti, mwenzako akanyage breki barabara, aweke gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo tu. Wewe simama ubavuni, kamwe si mbele ya gari. Injini ikiruka sana, umeshampata mchawi. Zima, mulika raba kwa tochi: nyufa, raba kubanduka kwenye chuma, au majimaji kuvuja kama ni ya haidroliki.

Kubadilisha si kazi ya kutisha. Tegemeza injini kwa jeki na kipande cha ubao chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), badilisha moja moja, kaza boliti kwa vipimo vya kitabu cha gari. Usiingie chini ya gari bila stendi za kulishikilia.

Watakusifia mauntingi za poliyurithani, yaani plastiki ngumu badala ya raba. Kwa gari la kila siku mimi sizitaki, mtetemo wote unahamia kwenye kiti. Boliti zikiwa zimeshikwa na kutu, mpe fundi. Na mtetemo ukibaki, kagua plagi.