Chakula cha paka anayekojoa kwa shida

SWALI: Paka wangu dume hula sambaza (samaki wadogo wa ziwani) wakavu kila siku, na sasa anakojoa matone tu huku akilia. Nimpe chakula gani? (Mama msomaji, Bukavu)

JIBU: Mama, mfikishe kwanza kwa daktari wa mifugo leo hii, kwa kuwa njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana, na ikiziba kabisa anaweza kufa katika siku chache. Akishapona, mwachishe sambaza wakavu, ambao mifupa yao ina fosforasi na magnesi, madini yanayoweza kujenga vijiwe. Chakula cha mkebe, chenye maji takriban asilimia 75, kinafaa kuliko cha punje kavu, chenye takriban 10, na ukiongeza mchuzi usio na chumvi wala kitunguu, mkojo utakuwa mwepesi zaidi.