Kabla ya kumpeleka mwanachuo kwenye rafu, sikiliza swali lake

Kwa miaka mingi, kila chuo kinapofunguliwa, nilikuwa nikifanya kazi ileile. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaletwa maktaba makundi kwa makundi, mara watu arobaini, mara sitini, nami nawatembeza. Hii ni kaunta ya kuazimia vitabu. Hapa ni magazeti. Kule ni vitabu vya rejea, havitoki nje. Pale ni kompyuta za kutafutia. Wanaitikia "ndiyo, madam", wanasaini karatasi ya mahudhurio, wanaondoka. Miezi inapita. Wakifika mwaka wa tatu na kutakiwa kuandika pendekezo la utafiti, walewale wanasimama mbele ya kaunta na kuniambia, "Madam, shikamoo. Naomba kitabu cha utafiti wangu."

Sentensi hiyo niliisikia mara nyingi mno hata nikaifanya kuwa kipimo cha kazi yangu. Anayeomba kitabu cha utafiti wake anaamini kwamba jibu limeshaandikwa na mtu, limelala mahali kwenye rafu, na yeye kazi yake ni kulibeba. Simlaumu. Sekondari alisoma kwa notisi za ubaoni na mitihani iliyopita. Chuoni amekutana na desa, yale makaratasi ya kurudufu yanayouzwa steshenari nje ya geti. Hakuna aliyemwambia kwamba maktaba ni mahali pa kwenda na swali, na mimi niliyepaswa kumwambia nilimwonyesha magazeti yalipo.

Nawaandikia wakutubi wenzangu, na wahadhiri wanaosimamia tafiti, hasa katika vyuo vidogo kama chetu hapa Bagamoyo. Ninayoyaandika yalinifikia polepole, na mengi nimefundishwa na wanafunzi wenyewe.

Mwaka mmoja alikuja binti wa mwaka wa tatu. Mada yake ilikuwa mchango wa kilimo cha mwani katika uchumi wa kaya. Alikuwa ameketi kwenye kompyuta tangu asubuhi, ameiandika mada yote kwa Kiingereza, neno kwa neno, kwenye kisanduku cha kutafutia. Yaliyomjia yalikuwa mengi kupita kiasi, na hakuna hata moja lililomgusa. Nilivuta kiti nikakaa ubavuni pake. Nikamwomba aiache kompyuta kidogo, kisha nikamwuliza, "Mwanangu, hebu niambie kwa Kiswahili, kama unavyomweleza mama jikoni. Unataka kujua nini hasa?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akaanza kueleza. Mama yake mdogo analima mwani Mlingotini, kijiji cha hapa Bagamoyo. Zamani walipanda aina mbili. Ile yenye bei nzuri ikawa inakufa kila joto likizidi, wakabaki na ile ya bei ndogo. Na bado wanawake hawajaacha, kila bamvua wanaingia majini. Anataka kujua kwa nini hawaachi.

Hilo ndilo lilikuwa swali lake, na halikuwemo kabisa katika mada aliyoiandika. Mada ilikuwa ya kumridhisha msimamizi. Swali lilikuwa la kwake, la nyumbani kwao.

Tukachukua karatasi. Tukatoa maneno manne katika maelezo yake: mwani, wanawake, kufa kwa zao, na bei. Chini ya kila neno tukaandika majina mengine ya kitu hichohicho. Hapo ndipo kazi ilipokolea, kwa sababu mwani una majina mengi. Wafanyabiashara wana majina yao: ile aina ya bei nzuri wanaiita cottonii, ile nyingine spinosum. Wanasayansi leo wanaiita ya kwanza Kappaphycus alvarezii na ya pili Eucheuma denticulatum, ila makala za zamani zinaiandika ya kwanza Eucheuma cottonii. Mwanafunzi akitafuta kwa jina moja tu, anapata kipande kimoja cha maandishi yaliyopo na kudhani ndiyo yote. Kisha tukapanua mahali. Bagamoyo peke yake ilituletea machache, lakini kilimo cha mwani cha kibiashara Zanzibar kilianza mwaka 1989, na watafiti wameandika mengi kukihusu. Anayeuliza juu ya Mlingotini hana budi kwanza kuvuka bahari kwa kusoma, kisha arudi.

Nilimfundisha hapohapo viungo vitatu ambavyo zamani nilikuwa nikivihubiri ukumbini bila mtu kuvishika. Ukiweka AND kati ya maneno mawili, unabana: utapewa yale tu yenye yote mawili. Ukiweka OR, unapanua, kwa hiyo majina yote ya mwani yaunganishwe kwa OR na kufungiwa ndani ya mabano. Ukiweka NOT unatoa, na hicho kitumie kwa hadhari kubwa, kwani huweza kutupa na kile ulichokuwa ukikihitaji. Maneno yanayokwenda pamoja yafunge kwa alama za kunukuu. Alielewa kwa dakika chache kwa sababu alikuwa na jambo la kutafuta. Nilipowaeleza watu sitini wasio na swali lolote, niliutumia muda wangu na wao bure.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ningekuwa na mmoja tu ningetoa huu, ni kwamba mwanafunzi aseme swali lake kwa Kiswahili kabla hajagusa kompyuta. Najua wako wahadhiri wasiopenda. Watasema ripoti inaandikwa kwa Kiingereza, basi mwanafunzi azoee Kiingereza tangu mwanzo. Mimi nimeona kinyume chake. Akianza kwa Kiingereza, anaandika sentensi za kuazima, za "mchango wa" hiki na "athari za" kile, na huwezi kujua kama kuna kitu anakitaka. Akianza kwa Kiswahili, swali linatoka na watu wake, mahali pake na wasiwasi wake. Kiingereza kitafuata kwenye karatasi ya maneno ya kutafutia, na hapo ndipo mkutubi anapofaa kweli, kwa sababu kumpatia mtu jina ambalo kitu chake kimeandikiwa ni nusu ya kazi.

Suala hili la majina linawasumbua zaidi wanaosoma historia. Mwanafunzi anatafuta habari za biashara ya Bagamoyo enzi za Wajerumani, anaandika Tanzania, anakosa. Atapataje? Jina Tanzania limeanza kutumika mwaka 1964. Kabla ya hapo ilikuwa Tanganyika, na kabla ya Waingereza nyaraka zinasema Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hata lile jarida kongwe lililoanza mwaka 1936, ambalo lina makala nyingi za pwani yetu, lilikuwa Tanganyika Notes and Records kabla halijawa Tanzania Notes and Records. Waambie wanafunzi wenu wawe na tabia ya kujiuliza: mtu wa wakati ule angekiitaje kitu hiki?

Jambo la pili ninalolifundisha kwa bidii ni kulifuata dai hadi kwenye shina lake. Sina zoezi ninalolipenda kuliko hili, nalo halihitaji umeme wala bando. Nawagawa watu watanowatano, nawapa swali moja: mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi, ulifika Bagamoyo mwaka gani? Kila mtu hapa mjini amekulia na habari hiyo, kwa hiyo wanadhani ni swali la mtoto. Baada ya nusu saa kundi moja linasema 1873, lingine 1874, na ubishi unaanza. Kila upande una maandishi mkononi. Siwaambii jibu. Nawaambia wasome tena, sentensi kwa sentensi, waone kila mwandishi anasema nini kilitokea mwaka ule. Taratibu wanagundua wenyewe kwamba Livingstone alifariki mwaka 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, wakaubeba mwili kwa miguu kwa miezi mingi, ukafika hapa Februari 1874, na Aprili mwaka huohuo akazikwa Westminster Abbey, London. Miaka yote miwili ni ya kweli, kila mmoja kwa tukio lake. Aliyekosea ni yule aliyechukua tarakimu na kuacha sentensi.

Zoezi hilo likishaeleweka, nawapa gumu zaidi: jina la mji wenyewe. Wote wanajua limetokana na "bwaga moyo". Lakini nani alibwaga? Wengine wanasema ni mateka wa utumwa waliokata tamaa walipoiona bahari. Wengine wanasema ni wapagazi, Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka bara, waliofika mwisho wa safari wakatua mizigo na roho zikatulia. Nawaambia: msiniletee maelezo yapi ni mazuri. Nileteeni nani ameandika, mwaka gani, na yeye alilipata wapi. Wanaanza kufungua vitabu kutoka nyuma, kwenye tanbihi na marejeleo, na hapo wanaona ajabu. Huyu kamnukuu yule, yule kamnukuu wa tatu, na wa tatu hakutaja mtu. Nakumbuka kijana mmoja aliyeniambia, "Madam, wote wanasema, lakini hakuna aliyesema kasikia kwa nani." Nilimshika mkono nikampongeza mbele ya wenzake. Tangu siku hiyo kila kitabu ninachompa mwanafunzi namwambia akifungue kutoka nyuma kwanza.

Mpangilio wa rafu una haki ya kuelezwa, ila usiufanye ndiyo somo. Kwetu tunatumia Dewey, mpango unaoipa kila mada namba yake, na kikwazo ni kimoja tu kinachowarudisha wanafunzi kaunta mikono mitupu. Historia ya Tanzania iko 967.8 na ya Kenya iko 967.62. Mwanafunzi anasoma "sitini na mbili", anaona ni kubwa kuliko nane, anatafuta Tanzania kabla ya Kenya. Mfundishe kusoma tarakimu mojamoja baada ya nukta: sita inatangulia nane, basi. Na umwambie kwamba siku akienda maktaba inayopanga vitabu kwa herufi badala ya namba tupu, historia ya Afrika ataikuta kwenye DT, asishtuke.

Kuhusu makala za majarida, wanafunzi wengi wanaishia Google na kulalamika kwamba kila kitu kinalipiwa. Waonyeshe AJOL (African Journals Online), tovuti iliyoanza mwaka 1998 na ina majarida ya Afrika, mengi yanasomeka bure. Waonyeshe Research4Life, huduma ya kufungulia vyuo makala za kulipiwa, ambayo chuo kikijisajili kinapata Hinari kwa afya na AGORA kwa kilimo. Nimewahi kufika kwenye chuo ambako neno la siri la huduma hiyo lilikuwa kwenye bahasha ndani ya droo, na wanafunzi hawajawahi kusikia kama lipo. Jambo hilo liliniuma sana. Liko pale kwa ajili yao, na mwaka mzima walikuwa wakikopa bando kuhangaika na makala zilizofungwa. Kama wewe ndiye mwenye ile droo, tafadhali lifikishe kwao kesho asubuhi. Na wafundishe kusoma ikisiri kwanza kabla ya kupakua makala nzima, maana bando ni hela ya chakula.

Siku hizi kuna akili mnemba, na hapa naomba tuwe wapole. Kijana mmoja aliniletea orodha ya marejeo kumi na manne, yamepangwa vizuri kuliko niliyoyaona kwa miaka. Matano hatukuyaona popote. Majarida mengine yalikuwepo kweli, lakini tulipofungua juzuu na kurasa zilizotajwa tukakuta makala nyingine kabisa. Kijana alitetemeka, akidhani nitamshtaki. Hakuwa mwongo, aliamini kile alichopewa. Nilimkalisha tukahakiki moja moja: weka jina la makala ndani ya alama za kunukuu, ulitafute. Usipolipata, nenda kwenye tovuti ya jarida lenyewe, fungua mwaka na toleo. Ukikosa hapo, lifute. Tulimaliza kabla ya adhuhuri. Angefukuzwa kwa maneno makali angejifunza kuficha, na mwenzake angefanya vilevile jioni ileile.

Wahadhiri, naomba jambo moja kwenu. Msituletee wanafunzi wiki ya kwanza, wakati bado wanahangaika na vyumba na bumu, zile pesa za mkopo. Tuleteeni siku mnapowapa kazi ya kuandika, nanyi mje, mkae nasi. Saa mbili na watu kumi na watano wenye maswali zinatosha. Makundi yatakuwa mengi na tutachoka, lakini nimefanya hivyo na najua inawezekana.

Kwenye kaunta sasa nina daftari. Mwanafunzi akija, siandiki kitabu alichoomba. Naandika swali lake kwa maneno yake mwenyewe, na chini yake maneno tuliyoyatafutia, yaliyozaa na yasiyozaa. Mwenzangu akiwa zamu anaendelea nilipoishia, bila kumrudisha mtu mwanzo.

Yule binti wa mwani alimaliza. Ripoti yake iko kwenye kabati la tafiti za wanafunzi, imejalidiwa kwa gamba jeusi. Wiki iliyopita kijana wa mwaka wa tatu aliichukua, akakaa nayo mezani karibu na dirisha, akaifungua kutoka nyuma.