Mume ananilaumu kwa kuzaa wasichana tu

Dada yangu, umeuliza kama ni kweli tumbo lako ndilo linalochagua wasichana, maana mumeo amekununia tangu azaliwe binti wa tatu. Si kweli hata kidogo, na imeniuma kusoma kwamba lawama hiyo umeibeba peke yako.

Kila yai linalotoka kwenye ovari zako kwa kawaida lina kromosomu X (kromosomu ni vifurushi vya urithi ndani ya seli; aina za X na Y ndizo zinazoamua jinsia ya mtoto). Huna Y ya kumpa mtoto. Zinazotofautiana ni mbegu za mume: karibu nusu zina X, nusu zina Y. Yai likirutubishwa na yenye X, kule kwenye mrija wa uzazi, ni msichana. Na yenye Y, mvulana. Mwanasayansi Mmarekani Nettie Stevens alilieleza hili mwaka 1905 baada ya kuchunguza mbegu za mbawakawa, mdudu mdogo tu!

Ila usimgeuzie mumeo lawama, naye hachagui mbegu. Zungumzeni mkiwa wawili, ametulia, au mwende pamoja kwa daktari asikie mwenyewe. Na hizo dawa za kupata mvulana ulizoelekezwa, tafadhali ziache. Ukishashika mimba, hakuna kinywaji kinachobadilisha X kuwa Y, na huenda zikakudhuru wewe na mtoto.