Kwa nini kodi imlipe wakili wa mshtakiwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka jana niliibiwa. Nilipokwenda mahakamani kutoa ushahidi, nilimkuta mshtakiwa akitetewa na wakili anayelipwa na serikali, ilhali mimi niliyeibiwa sikupewa wakili. Je, ni haki kodi yangu itumike hivyo?

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa yaliyokupata. Uchungu wako una msingi, lakini hebu tazama ni nani waliokuwa upande wako siku ile. Askari waliopeleleza na mwendesha mashtaka aliyekuongoza kutoa ushahidi wote hulipwa kwa kodi, kwa kuwa kesi ya jinai ni ya dola dhidi ya mshtakiwa. Mshtakiwa asiye na fedha anaikabili nguvu hiyo yote akiwa bado hajatiwa hatiani.

Mwaka 1961, katika jimbo la Florida nchini Marekani, Clarence Earl Gideon alishtakiwa kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool ili aibe. Aliomba wakili akanyimwa, kwa sababu sheria ya jimbo ilimpa wakili wa serikali yule tu aliyekabiliwa na adhabu ya kifo. Alijitetea mwenyewe, akafungwa miaka 5. Akiwa gerezani aliandika ombi kwa penseli kwenda Mahakama ya Juu, nayo mwaka 1963 ikaamua kwamba mshtakiwa wa kosa kubwa asiyeweza kumlipa wakili lazima apewe. Kesi iliposikilizwa upya, wakili alimbana kwa maswali shahidi mkuu wa mashtaka, na Gideon akaachiwa huru. Jambo hilo linakugusa wewe pia, kwani asiye na hatia akifungwa, mwizi wako yuko mtaani.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mara nyingi fedha zenyewe hazitoshi. Wakili anayelipwa kiasi kilekile kwa kila kesi, awe amekwenda mahabusu kumsikiliza mteja wake au hakwenda, huvutwa kupokea majalada mengi kuliko anavyoweza kuyasoma. Matokeo yake ni mazungumzo ya dakika chache kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama, jalada likifunguliwa kwa mara ya kwanza, naye mteja akiulizwa kama anakiri kosa. Kwa maoni yangu, huko si kutetewa. Ni bora kuajiri mawakili kwa mshahara na kuweka kikomo cha kesi kwa kila mmoja.

Kubana matumizi hapa kuna gharama yake. Uingereza, iliyotunga sheria ya msaada wa kisheria mwaka 1949, ilipunguza huduma hiyo kuanzia mwaka 2013, hasa katika mashauri ya familia. Watu wengi wakalazimika kujiwakilisha, na majaji wakatumia muda wa mahakama kuwaeleza taratibu ambazo wakili angewaeleza mapema.

Kuhusu kutopewa wakili wako mwenyewe, dai lako lina nguvu. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2012 kuhusu msaada wa kisheria katika jinai inawataja waathirika na mashahidi pia, si washtakiwa peke yao. Vilevile, katika nchi nyingi mahakama inaweza kumwamuru aliyetiwa hatiani alipe fidia. Kabla hukumu haijatolewa, mwombe mwendesha mashtaka aliwasilishe ombi hilo, ukimkabidhi orodha ya vitu vilivyoibwa pamoja na risiti zake.